Kutafiti Soko Kabla ya Kubuni Mkopo Mdogo wa Kuboresha Nyumba: Mwongozo kwa Wakopeshaji wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

Kando ya barabara kuu kutoka Mafinga hadi Tunduma yamejaa maboma: kuta za tofali za kuchoma zilizofika kwenye linta, majani yameota ndani, paa hakuna. Mengi hayajatelekezwa. Mwenyewe alijenga msingi mwaka aliouza mahindi vizuri, akapandisha kuta mwaka mwingine, na sasa anatafuta hela ya bati. Mtu huyu hana haja na mkopo wa nyumba wa miaka ishirini, na hata angepewa asingeumudu. Anahitaji hela ya awamu moja ya ujenzi, itoke mwezi unaofaa, na marejesho yafuate kipato chake.

Mkopo wa kuboresha nyumba kwa kawaida ni wa miezi 6 hadi 36, hauweki kiwanja rehani, na mkopaji yuleyule huuchukua mara kadhaa mpaka nyumba ikamilike. Wakopeshaji wengi huubuni ofisini: wanachukua mkopo wao wa biashara, wanabadilisha jina, wanaurefusha miezi sita. Kisha hela inatoka Desemba wakati mvua zimeshaanza, au inatosha nusu ya paa, na nusu ya paa haizuii mvua. Kalenda na awamu ndivyo vitu viwili ambavyo utafiti unapaswa kuvikamata kabla ya vingine vyote, riba ikiwemo.

Mwongozo huu ni wa SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo), mitandao ya VICOBA (vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa) na kampuni ndogo za mikopo zenye matawi machache. Kazi ya utafiti, ukiwa na wadadisi wanne, inachukua wiki nane hadi kumi kabla ya kuanza majaribio.

Hatua ya 1: Andika maamuzi, dodoso lisubiri

Kwenye karatasi moja andika maamuzi ambayo utafiti utayajibu:

1. Kiasi cha chini na cha juu.
2. Muda wa kurejesha, na miezi ya kulipa kidogo au zaidi.
3. Mwezi wa kufungua na wa kufunga maombi.
4. Hela itolewe taslimu, kwa mafungu, au ilipwe dukani.
5. Dhamana.
6. Kazi zinazokubalika: paa, sakafu, choo, umeme, tenki, chumba cha kupangisha.

Baadaye, kila swali la dodoso lazima lipewe namba ya uamuzi linaousaidia. Swali lisilo na namba lifute, hata kama mwenyekiti wa bodi analipenda. Dodoso la maswali 25 hadi 30 linamalizika kwa dakika 40. Likizidi hapo, majibu ya mwishoni huwa ya kumridhisha mgeni ili aondoke.

Angalia pia sheria inakuruhusu nini, usije ukatafiti kitu usichoweza kukiuza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne: benki na taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Ukiwa daraja la pili huruhusiwi kupokea amana, kwa hiyo wazo la "mteja aweke akiba kwetu miezi mitatu ndipo akope" liachie SACCOS na benki. Daraja hilohilo limewekewa na Benki Kuu kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Hesabu zako zote zianzie chini ya hapo.

Hatua ya 2: Gawanya eneo kwa namna hela inavyoingia

Kosa la kawaida ni kugawa kwa wilaya. Wilaya ni mpaka wa utawala; hela haiujui. Mufindi peke yake ina mkulima wa chai anayelipwa kila mwezi na mwenye shamba la paina anayeuza miti mara moja baada ya miaka mingi. Gawanya hivi, kisha rekebisha kwa eneo lako:

*Kanda ya mpunga.* Mbarali (Igurusi, Chimala, Rujewa, Ubaruku) na Kyela. Hela kubwa huja mara moja, baada ya mavuno ya katikati ya mwaka. Kyela ongeza maswali ya mafuriko, maana huko mtu anaweza kutaka kuinua msingi kabla hajafikiria bati jipya.

*Kanda ya chai, maziwa na ndizi.* Rungwe, sehemu za Mufindi na Njombe. Kuna kitu kidogo kila mwezi au kila wiki, na hapa rejesho sawa la kila mwezi linaweza kufaa. Rungwe mvua ni nyingi mno: mwinuko wa paa, upana wa mbavu zake (sehemu inayotokeza nje ya ukuta) na choo kisichofurika vina uzito kuliko rangi.

*Kanda ya viazi, mahindi na mbao.* Njombe, Makete, Uporoto, sehemu kubwa ya Mufindi. Baridi ya Juni na Julai inafanya dari na vioo vya madirisha viwe mahitaji ya kweli. Mtu wa Usangu, kwenye tambarare za mpunga za Mbarali, atakushangaa ukimuuliza hayo. Jihadhari na mwenye miti: jirani zake watakwambia ni tajiri, lakini utajiri wake umesimama shambani na mwezi huu hana hela ya chumvi.

*Kanda ya kahawa.* Mbozi na milima ya jirani. Malipo mara nyingi hupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na yanaweza kuja kwa mafungu. Uliza tarehe hela ilipofika mkononi. Tarehe ya kupeleka kahawa haikusaidii.

*Mjini.* Mbeya, Iringa, Tunduma, Makambako, Mafinga. Bodaboda, wachuuzi, walimu, wauguzi. Karibu na vyuo, kama Iyunga jijini Mbeya au Mkwawa mjini Iringa, kuna soko la pekee: mwenye nyumba anayetaka kumalizia vyumba viwili vya kupangisha wanafunzi. Mkopo huo hujilipa wenyewe kwa kodi, na ni ajabu kwamba wakopeshaji wengi huuita "mkopo wa biashara" na kuudai leseni.

Kwa ukubwa wa soko, tumia matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Kwa sensa hiyo mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu wapatao milioni 2.34, Songwe milioni 1.34, Iringa milioni 1.19 na Njombe karibu 890,000. Ofisi ya halmashauri itakupa orodha ya vijiji na mitaa, na mtendaji ana rejista ya kaya. Hii ni kazi ya siku tatu; usiigeuze kuwa mwezi.

Hatua ya 3: Fundi na muuza vifaa kwanza, kaya baadaye

Kabla ya kugonga mlango wa mtu, jua awamu inagharimu nini. Katika kila kanda zungumza na mafundi waashi wanne, maseremala wawili wa kupaua, na maduka matatu ya vifaa vya ujenzi: moja la mjini, moja la njia panda, moja la kijijini. Waombe vipimo badala ya makadirio ya mdomo. "Paa la nyumba ndogo ni kama milioni mbili" ni kauli isiyo na kazi kwako.

Mfano wa paa. Nyumba ya mita 9 kwa 7, paa la migongo miwili, mbavu za nusu mita kila upande. Urefu wa paa unakuwa mita 10. Kila mgongo una mita 4 za mlalo. Kwa mwinuko wa nyuzi 20 mteremko unakuwa takriban mita 4.25. Kama bati la mita 3 likishapandana pembeni linafunika sentimita 75, urefu wa mita 10 unahitaji safu 14. Kila safu inachukua bati moja zima na nusu, zikipandana sentimita 20. Hiyo ni 14 × 1.5 × 2 = bati 42, bila kofia (bati la kufunika kilele cha paa). Seremala aliyezoea kukisia atasema 35 au 50. Akisema 35, mteja wako atakwama akiwa amebakiwa na theluthi ya upande mmoja.

Mfano wa sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, zege la sentimita 7.5 kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), juu yake sakafu laini ya sentimita 2.5 kwa 1:4 (saruji na mchanga). Saruji ni mifuko 5 hadi 6 ya kilo 50. Vyumba vinne vya ukubwa huo ni mifuko 22 hivi, pamoja na mchanga, kokoto, maji na hela ya fundi. Maji yaulizie kabisa: kiangazi, kijiji chenye bomba moja, maji ya ujenzi hununuliwa kwa madumu na hakuna fundi anayeyaweka kwenye hesabu.

Andaa karatasi moja kwa kila awamu (msingi, kuta, paa, sakafu, lipu, milango na madirisha, choo, umeme, tenki na mifereji ya kuvunia mvua) yenye vifaa, idadi, bei ya maduka matatu, usafiri na ufundi. Ongeza asilimia 10 ya dharura. Karatasi hizi ndizo zitakazokupa kiasi cha chini cha mkopo: awamu ndogo yenye manufaa ikikamilika, ukitoa kile ambacho mteja huwa tayari anacho.

Dukani uliza mambo matatu zaidi. Miezi gani bati huuzwa sana? Nani hununua kidogo kidogo na kuhifadhisha dukani? Na je, duka linakopesha? Huo mtindo wa kulipia bati mbili mbili mpaka zitimie ni akiba ya nyumba tayari, na daftari la muuza duka litakuonyesha kasi ya mtu kuweka akiba kuliko dodoso lolote. Ulizia pia geji: namba ikipanda bati linakuwa jembamba, yaani geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Kuna maduka yanayouza bati jembamba kwa jina la nene. Ukiwa na kifaa cha kupimia unene, pima sampuli. Taarifa hiyo utaihitaji utakapochagua duka la kulipa moja kwa moja.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya vikundi

Kila kanda fanya vikundi vinne hadi sita vya watu 6 hadi 10, dakika 90. Wanawake peke yao, wanaume peke yao, wenye maboma, na waliomaliza kujenga miaka mitatu iliyopita. Hawa wa mwisho ndio walimu wako, kwa sababu wanakumbuka bei walizolipa na walikokwama. Usichanganye wakwe na wakamwana kwenye kikundi kimoja. Hapo hutapata neno kuhusu nani anashika hela.

Barua ianzie kwa mkurugenzi wa halmashauri, ishuke kwa mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Usiende siku ya gulio. Mwongoza kikundi awe anajua lugha ya nyumbani ya hapo. Bibi atakayekusalimia "Kamwene" akaona unaielewa atakupa habari za kipato ambazo kwa Kiswahili angezifupisha.

Mazoezi mawili yanatosha.

La kwanza ni kalenda. Tandika karatasi kubwa yenye safu 12, ukianza na Juni, mwezi wa mavuno, badala ya Januari. Washiriki waweke mawe kuonyesha hela inayoingia, kisha punje za mahindi kuonyesha inayotoka. Ada za Januari na Julai, mbolea na mbegu kuanzia Oktoba, palizi, chakula cha Februari na Machi vyote vitajitokeza vyenyewe. Mwishoni uliza: mvua ikianza Novemba, bati linatakiwa liwe juu lini? Na tofali zinachomwa lini? Wengi watakwambia Julai hadi Oktoba. Hapo umeshapata dirisha la kutoa mikopo ya kuta na paa.

La pili ni punje kumi. Kila mshiriki anagawa punje zake kwenye picha za maboresho. Mara ya kwanza swali ni "Kipi kinakusumbua zaidi nyumbani?" Mara ya pili: "Kipi umeshakiwekea hela au vifaa?" Picha mbili hizo mara nyingi hazifanani. Soko la mwaka huu liko kwenye ya pili.

Hatua ya 5: Dodoso la kaya

Kwa sampuli ya bahati nasibu, kaya 96 zinakupa makisio yenye kosa la asilimia 10 juu au chini, na 384 kosa la asilimia 5, kwa uhakika wa asilimia 95. Lakini ukichagua vijiji kwanza kisha kaya ndani yake, majirani hufanana, na usahihi hupungua. Ndiyo maana watafiti huzidisha namba hizo kwa 1.5 au 2. Kwa mkopeshaji mdogo, kaya 120 kwa kila kanda zinatosha kubuni bidhaa: vijiji au mitaa 10, kaya 12 kila kimoja. Wadadisi wanne, kila mmoja kaya tano kwa siku, wanamaliza kanda kwa siku sita.

Kaya zichaguliwe kutoka rejista. Kijiji cha kaya 480 na unataka 12: 480 ÷ 12 = 40. Chukua namba ya bahati kati ya 1 na 40, kisha kila kaya ya 40. Ukimwachia mwenyekiti akuongoze, atakupeleka kwa ndugu zake na kwenye nyumba za barabarani, zilizo bora kuliko za bondeni.

Uzito wa dodoso uko kwenye namna ya kuuliza. "Ungependa mkopo wa kuboresha nyumba?" Kila mtu atasema ndiyo. Nani akatae? Uliza alichokwisha kufanya:

- Mara ya mwisho ulinunua kifaa gani cha nyumba? Mwezi gani? Bei?
- Hela ile ilitoka wapi: mazao, VICOBA, mshahara, mtoto aliye mjini, mkopo?
- Fundi ulimlipa kwa mafungu mangapi? Kazi ilisimama? Kwa sababu gani?
- Sasa hivi una vifaa gani vimewekwa? Naomba kuviona.
- Mwezi uliopita kulibaki kiasi gani baada ya matumizi? Na Februari iliyopita?
- Umeshawahi kukopa? Rejesho lilikuwa kiasi gani, na ulipokosa ulifanyaje?
- Nyumba na kiwanja ni vya nani, na kuna karatasi gani: hati ya kimila, leseni ya makazi, hati ya mauziano, au neno la ukoo tu?

Kifaa kilichowekwa uani hakidanganyi. Tofali 3,000 chini ya turubai ni ushahidi wa nia na wa uwezo kwa pamoja.

Saizi za tofali za kuchoma hutofautiana kijiji hadi kijiji, kwa hiyo pima tano na uandike. Idadi peke yake haielezi ukuta. Hoji mume na mke kila inapowezekana, hata kama ni kwa nusu ya sampuli. Majibu ya "nani huamua" na "kinachobaki" yakigongana, usiyafanyie wastani; mgongano wenyewe ni taarifa ya hatari ya mkopo.

Wadadisi wasijitambulishe kama maofisa mikopo. Wakijitambulisha hivyo, vipato vitapanda na madeni yatapotea. Wakianza kupima nyumba bila kueleza, uvumi utatangulia kwamba ni kodi au kwamba ardhi inachukuliwa. Pata ridhaa kabla ya kuhoji na kabla ya kupiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Majina yakae faili tofauti na majibu.

Kila jioni msimamizi apitie madodoso yote na arudie simu kwa kaya moja kati ya kumi. Mdadisi mwenye majibu yanayofanana mno amejaza akiwa kwenye mgahawa.

Hatua ya 6: Wapime wanaokopesha tayari

Mshindani wako si benki. Ni kikundi cha akina mama cha Jumapili, muuza duka, na mikopo ya kausha damu. Kwa kila mmoja andika kiasi, muda, ada zote, siku za kusubiri na kinachotokea mtu akichelewa. Kisha ziweke bei zote kwenye kipimo kimoja.

Kausha damu anayetoa Sh 200,000 na kukusanya Sh 10,000 kila siku kwa siku 26 anapokea Sh 260,000. Kwa kuwa deni linapungua kila siku, mkopaji kwa wastani ameshika nusu tu ya hela ile. Gharama halisi ni karibu asilimia 60 kwa muda usiofika mwezi. Watu wanaijua kuwa ghali. Wanaichukua kwa sababu inatoka siku hiyohiyo, na hilo linakwambia kasi ina bei.

Jipime na wewe mwenyewe. Mkopo wa Sh 2,000,000 wa miezi 12 kwa asilimia 3.5 ya mwezi inayotozwa kwenye kiasi cha mwanzo hadi mwisho unadai rejesho la Sh 236,667 na riba ya Sh 840,000. Asilimia hiyohiyo ikitozwa kwenye deni linalobaki, rejesho ni karibu Sh 206,970 na riba karibu Sh 483,600. Ukitangaza "3.5" bila kusema ni ipi, mteja atakuelewa vibaya, na jirani yake atamfafanulia baadaye kwa hasara yako.

Hatua ya 7: Geuza majibu kuwa mkopo

Chukua kaya ya kawaida ya kila kanda na uikokotolee. Tuseme kaya ya Chimala ina genge linalobakiza Sh 70,000 kwa mwezi kuanzia Septemba hadi Mei, na mpunga unaoacha Sh 900,000 kati ya Juni na Agosti baada ya kutenga chakula, ada na gharama za msimu ujao. Rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki: Sh 35,000 kwa miezi tisa, kisha Sh 150,000 kwa miezi mitatu ya mavuno.

Kwa riba ya asilimia 3 ya mwezi kwenye deni linalobaki, mkopo uliotoka mwishoni mwa Agosti kwa kalenda hiyo unabeba karibu Sh 600,000. Ukiilazimisha kaya ilipe Sh 35,000 sawa mwaka mzima, inabeba karibu Sh 350,000 tu. Ukilazimisha rejesho sawa la mkopo wa 600,000, utadai zaidi ya Sh 60,000 mwezi Februari kwa mtu mwenye 70,000. Atalipa mara mbili tatu kwa hela ya VICOBA, kisha atakimbia.

Sasa rudi kwenye karatasi ya paa. Tuseme bati moja ni Sh 30,000. Bati 42 ni Sh 1,260,000, bado mbao, misumari, kofia na fundi. Mkopo wa mwaka mmoja hautoshi. Kwa miaka miwili kalenda hiyohiyo inabeba karibu Sh 1,000,000. Kwa hiyo kwa kaya hii paa linawezekana tu ikiwa muda ni miezi 24 na mbao pamoja na sehemu ya bati viko tayari uani. La sivyo muuzie mkopo wa sakafu au wa choo mwaka huu, paa mwakani. Usitoe hela ya nusu awamu ukitumaini atajazia. Hili tunalisisitiza kwa sababu shinikizo la kufikisha lengo la tawi hulisahaulisha kila Septemba.

Mwalimu au muuguzi ana hesabu nyingine: makato yote ya mshahara hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja. Soma karatasi ya mshahara yenyewe, maana mikopo ya zamani mara nyingi imeshakula nafasi yote.

Utoaji. Kwa paa, lipa duka moja kwa moja, na hela ya fundi itoke kwa mafungu mawili: kuanza na kumaliza. Saruji isinunuliwe yote kwa pamoja kama kazi itasimama. Ikikaa kwenye unyevu, na Tukuyu kule Rungwe unyevu haupumziki, inaganda ndani ya mfuko wake. Tarehe ya kufunga maombi ya paa iwe katikati ya Oktoba. Sakafu, lipu ya ndani na umeme vinaweza kuendelea mvua ikinyesha, ilimradi paa lipo.

Dhamana. Kwa mkopo wa laki kadhaa, kusajili rehani ya ardhi kunagharimu muda na hela kuliko kunavyolinda. Wadhamini wawili, kikundi, au vitu vya ndani vinatosha. Lakini ridhaa ya mwenza iandikwe hata pale usipochukua nyumba: Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na mwenza aliyefichwa mkopo ndiye wa kwanza kuzuia marejesho. Kama kiwanja ni cha ukoo, mwanafamilia mkubwa atie saini kwamba mkopaji anaruhusiwa kujenga hapo.

Hatua ya 8: Kadi tatu, kisha majaribio

Chapisha kadi tatu zenye bidhaa tatu tofauti, kila moja ikiwa na kiasi, rejesho la kila mwezi, mwezi wa kutoka, dhamana na jumla ya kulipa. Warudie washiriki 30 hivi kila kanda. Muulize achague, kisha umuulize: "Nikija Jumatatu na fomu, utaleta nini?" Anayetaja jina la mdhamini na la fundi papo hapo ni mteja. Anayesema "tutaona" ana heshima tu.

Majaribio yawe ya mikopo 60 hadi 80, katika kanda mbili, yaanze Julai na yafuatiliwe mpaka Julai inayofuata ili yapite kwenye mvua nzima na mavuno mazima. Ofisa atembelee nyumba siku ya 14, siku ya 45, na wiki moja baada ya mvua kubwa ya kwanza. Apige picha kutoka pembe ileile. Kila ziara ijibu: awamu imekamilika? Gharama imezidi karatasi kwa asilimia ngapi, na kwa kifaa gani? Hela imeenda kwingine? Kupotoka kidogo Januari kwa ajili ya ada ni ishara kwamba kalenda yako haikutenga ada. Ukiona kwa mkopaji mmoja kati ya watano, rekebisha kalenda kabla ya kulaumu watu.

Fuatilia pia sehemu ya deni iliyochelewa zaidi ya siku 30, lakini isome kwa mwezi na kwa kanda. Machi mbaya huko Mbarali na Machi mbaya mjini Iringa vina sababu tofauti. Ukibadilisha, badilisha sharti moja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Na weka daftari la waliochukua fomu wasirudi. Wapigie simu wote ndani ya wiki mbili. Mara nyingi si riba iliyowakimbiza: ni barua ya mtendaji inayolipiwa, mdhamini wa pili asiyepatikana, au nauli ya kwenda tawini mara tatu kwa mkopo wa laki nne. Sharti litakalotajwa na wengi, liondoe kabla ya dirisha la Julai inayofuata kufunguliwa.